Urafiki wa Watu Wasioonana Uso

  Soma pole pole. Kama jirani yako hajui kusoma, umsomee.

Leo tunazungumza juu ya urafiki. Si urafiki wa watu waliozaliwa kijiji kimoja na kuchota maji kisima kimoja. Ni urafiki wa watu ambao hawajaonana uso. Utauliza: je, huo nao ni urafiki? Tufuate historia kwanza, kisha wewe mwenyewe utatoa hukumu.

Tuanzie kwetu. Wewe uliyekuwa mtu mzima katika miaka ya 1990 unakumbuka fonie. Telefoni ya mkononi ilikuwa haijafika vijijini. Mtu aliyetaka kujua kama mama yake yuko mzima alikwenda kwenye nyumba yenye fonie, akapanga mstari, akangoja zamu yake. Vijana walioshika kazi ile walijuana kwa sauti. Mmoja yuko Goma, mwingine Walikale, mwingine Kindu. Walisalimiana kila asubuhi na kuulizana habari za watoto. Wengine walifanya hivyo miaka na miaka bila kukaa meza moja hata siku moja. Lakini asubuhi moja sauti ikikosa, mwenzake aliuliza: "Fulani yuko wapi? Kuna nini huko kwao?"

Shika neno hilo moyoni: aliuliza. Tutalirudia mbele.

MWANZO ULIKUWA MANENO TU

Kitu cha namna hiyo kilizaliwa pia Ulaya na Marekani, lakini kwa njia ya mchezo. Mwaka wa 1978, katika chuo kikuu cha Essex, kule Colchester katika Uingereza, mwanafunzi mmoja jina lake Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo ndani ya kompyuta, ile mashini ambayo wengi kwetu wanaiita ordinatere. Mwaka wa 1980 kazi ikashikwa na mwenzake Richard Bartle. Mchezo uliitwa MUD.

Haukuwa na picha hata moja. Yalikuwa maandishi tu: uko njiani, mbele yako kuna nyumba. Mchezaji aliandika anachotaka kufanya: ingia, chukua taa, msalimu yule. Na huyo "yule" alikuwa mtu kweli, mwenye damu na nyama, amekaa mbele ya mashini nyingine. Michezo mingine ya watu wengi ilikuwa imekwisha kuonekana Marekani, lakini huu ndio uliozaa ukoo mkubwa.

Bartle alitoka katika jamaa ya watu wa kazi, si ya matajiri. Katika Uingereza ya siku zile, mtoto wa jamaa kama hiyo alipimwa mara nyingi kwa namna anavyosema na kwa mtaa anakotoka. Baadaye Bartle alieleza kwamba walitaka kufanya mahali ambapo mtu hazuiwi na kuzaliwa kwake, mahali ambapo anajulikana kwa matendo yake. Wewe uliyepita kwenye barriere unajua vizuri jambo hilo. Unajua mtu anavyopimwa kwa lugha yake, kwa sura yake, kwa jina la kijiji chake, mbele hata hajafungua mdomo kueleza yeye ni nani.

MCHEZO UNAOHITAJI WATU WENGI

Kisha intaneti ikaenea, na michezo ikapata picha na sauti. Mwaka wa 1997 kulitokea Ultima Online, mwaka wa 1999 EverQuest, na mwaka wa 2004 World of Warcraft, iliyotengenezwa na kampuni ya Blizzard ya California. Mwaka wa 2010 wachezaji wa World of Warcraft waliokuwa wakilipa walipita milioni 12. Hesabu hiyo inapita mara mbili wenyeji wote wa inchi ya Norway.

Urafiki ulitoka wapi katika watu wengi namna ile? Ulitoka katika kazi. Watengenezaji waliweka ndani ya mchezo majaribu ambayo mtu mmoja hawezi kuyashinda. Katika miaka ya kwanza ya World of Warcraft, majaribu makubwa yalihitaji watu 40 kwa mara moja. Mmoja anashika ngao, mwingine anaponya majeruhi, mwingine anapiga. Mponyaji asipokuja, wote wanaanguka. Kwa hiyo walifanya vyama, wakachagua wakubwa, wakaweka sheria, saa ya kukutana na sanduku la mali ya wote. Sisi tunajua likelemba, na tunajua salongo. Tunajua kwamba anayekuja kila mara, kwa saa iliyopangwa, anajenga uaminifu. Kwao ilikuwa vile vile.

Labda utasema: huo ni mchezo, mioyo ya watu haimo. Sikia basi habari ya mwezi wa tisa mwaka wa 2005. Watengenezaji walikuwa wameweka ugonjwa katika pahali pamoja tu pa World of Warcraft, ndani ya jaribu moja gumu. Kwa kosa ambalo hawakuliona, ugonjwa ukatoka humo na kuingia katika miji mikubwa ya mchezo. Wachezaji dhaifu walianguka kwa wingi barabarani. Na mioyo ya watu ikaonekana. Wengine walikimbia. Wengine walikwenda kuponya wagonjwa hali wakijua wataambukizwa. Wengine, kwa ubaya, walichukua ugonjwa makusudi na kuupeleka kwa watu wazima. Mwaka wa 2007 watafiti wawili wa magonjwa, Eric Lofgren na Nina Fefferman, waliandika katika gazeti la waganga kwamba jambo lile linaweza kuwafundisha namna watu wanavyofanya wakati wa mlipuko.

Sisi tuliopita katika Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, tangu mwaka wa 2018 hadi 2020, tulikutana na watu wa namna hizo kwa macho yetu. Tuliona aliyekimbia, tuliona muuguzi aliyebaki, na tulisikia aliyepanda uongo. Mtu anaingia katika mchezo pamoja na moyo wake.

MPATANISHI

Kuna mchezo mwingine, EVE Online, uliotengenezwa Iceland na kutoka mwaka wa 2003. Ndani yake vyama vikubwa vinapigania nyota na mali. Kuna vita, kuna usaliti, na kuna mapatano. Mmoja wa wachezaji wake waliojulikana sana alikuwa Sean Smith, mfanyakazi wa serikali ya Marekani. Katika mchezo kazi yake ilikuwa kuongea na wakubwa wa vyama vingine, hata maadui, ili kutafuta masikilizano.

Tarehe 11 mwezi wa tisa mwaka wa 2012, Sean Smith alikuwa kazini Benghazi, katika inchi ya Libya. Siku ile alikuwa akiandikiana na rafiki zake wa mchezo. Ofisi ikashambuliwa, naye akafa pamoja na Wamarekani wengine watatu. Alikuwa na mke na watoto wawili.

Wachezaji walifanya nini? Hata watu waliokuwa maadui ndani ya mchezo walimkumbuka. Vituo vyao vya mbinguni wakavipa jina lake. Kisha wakachanga feza, feza za kweli, zaidi ya dola 100,000, kwa jamaa yake. Wengi wao hawakuwa wamemwona uso hata mara moja. Kwetu mtu akifiwa, tunapeleka kuni, unga na maji. Wao walipeleka walichokuwa nacho.

KIJANA WA OSLO

Sasa sikia habari ambayo kwa ajili yake nimekuita leo.

Katika inchi ya Norway alizaliwa mtoto mwaka wa 1989, jina lake Mats Steen. Wazazi wake ni Robert na Trude. Alipokuwa mdogo waganga waliona kwamba ana ugonjwa unaoitwa Duchenne, unaokula misuli ya mwili kidogo kidogo. Aliingia katika kiti cha magurudumu tangu utoto. Nguvu zake zilipungua mwaka kwa mwaka, mpaka mwisho aliweza kusogeza vidole tu. Watoto wenzake walikua wakaenda mbele na maisha yao. Mats alibaki ndani, mbele ya kompyuta, akicheza World of Warcraft. Katika miaka kumi ya mwisho alicheza saa kati ya 15,000 na 20,000.

Wazazi wake walimpenda na kumtunza kwa nguvu zao zote. Lakini walihuzunika. Walimwona anakesha usiku na kulala mchana. Walifikiri: mtoto wetu hana rafiki, hatapata mpenzi, hataacha alama yoyote katika maisha ya watu wengine. Tarehe 18 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2014 Mats akafa. Alikuwa na miaka 25.

Mats alikuwa na ukurasa wake katika intaneti ambapo aliandika habari za maisha yake. Baba yake akaufungua na kuandika humo kwamba mwana wao amekufa. Alifikiri hakuna mtu atakayejibu. Kumbe barua zikaanza kuingia. Moja, mbili, kumi, kutoka inchi mbalimbali. Watu walikuwa wanalia. Walimjua mwana wake kwa jina lingine: Ibelin. Walikuwa watu wa chama chake katika mchezo, kilichoitwa Starlight.

Barua zile zilieleza mambo ambayo wazazi hawakuyajua. Kulikuwa msichana mmoja wa Uholanzi, ambaye wazazi wake walimnyang'anya kompyuta kwa sababu ya masomo, naye akaingia katika huzuni kubwa. Mats alikuwa amewaandikia wazazi wake barua kumtetea. Kulikuwa mama mmoja wa Denmark, mwenye mwana aliyeshindwa kutoka nyumbani na kukutana na watu. Mats alimshauri: ingia katika mchezo pamoja naye, mukutane humo. Mama akaingia, na katika mchezo mwana akamkumbatia. Baadaye wakaweza kukumbatiana pia katika nyumba yao.

Mats hakuwa malaika. Kuna rafiki aliowaumiza kwa maneno, na kwa miaka mingi aliwaficha kwamba yeye ni mgonjwa. Alitaka apimwe kwa akili na kwa wema wake, si kwa kiti chake. Alikuwa na haya pia. Mwisho aliwafungulia moyo, nao hawakumwacha.

Siku ya maziko, watu wa Starlight walifika Oslo kutoka Uingereza, Uholanzi, Denmark na Finland. Chama kilichanga feza ili asiye na nauli naye afike. Bendera ya chama iliwekwa juu ya sanduku. Mmoja wao alisimama kusema mbele ya jamaa.

Fikiri juu ya baba na mama wale. Walikuwa wanamzika mwana wao wakifikiri ameishi peke yake, na mbele ya kaburi wanakuta jamaa nzima ambayo hawakuijua. Kwetu tunasema mtu anajulikana kwenye kilio chake. Kilio cha Mats kilimjulisha kwa wazazi wake mwenyewe. Tangu hapo, kila mwaka watu wa Starlight wanakutana ndani ya mchezo na kukimbia pamoja kwa kumkumbuka, kwa sababu Ibelin alikuwa na desturi ya kuanza siku kwa kukimbia, yeye ambaye miguu ya mwili wake haikuweza. Mwaka wa 2024 habari yake ilionyeshwa katika sinema iliyotengenezwa na Benjamin Ree, Mnorway mwenzake, na watu wa inchi nyingi wakaiona.

UPANDE MWINGINE

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Mwaka ule ule wa 2014, katika mambo ya michezo hiyo hiyo, kulizuka chuki kubwa juu ya wanawake wanaotengeneza michezo au kuandika habari zake. Walitukanwa na kutishwa kuuawa. Baadhi yao walilazimika kuacha nyumba zao. Wewe unayejua kufunga mzigo usiku unaelewa neno hilo.

Njia inayopitisha salamu inapitisha pia sumu. Sisi nasi tumeona telefoni ikileta habari ya ndugu aliyepotea, kisha jioni ile ile ikileta uvumi wa kugombanisha makabila. Kwa hiyo tusisifu mashini, na tusiilaumu. Chama cha Starlight kilikuwa na sheria, na kilikuwa na watu waliorudi kila siku kutazamana. Palipo sheria na watu wa kutazamana, urafiki umeota. Pasipokuwa nao, mwenye matusi ndiye aliyetawala.

Na sisi si wageni kabisa katika historia hii. Coltan inayochimbwa katika Masisi na Walikale inatoa tantale, madini yanayoingia katika kompyuta na telefoni. Mwishoni mwa mwaka wa 2000 bei yake ilipanda sana duniani, na wenye bunduki wakagombania machimbo. Kwa hiyo mashini zilizowakutanisha watu wa mbali zilikuwa na udongo wetu ndani yake, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunatenganishwa. Hilo ni neno la uchungu, na lazima lisemwe.

TUNDA LAKE KWETU

Sasa turudi kwa yule kijana wa fonie. Alikuwa rafiki kwa sababu gani? Kwa sababu siku sauti ya mwenzake ilipokosa, aliuliza. Watu wa Starlight nao walikuwa hivyo. Mats aliposhindwa kuingia katika mchezo siku kadhaa, kulikuwa mtu aliyeona pengo. Rafiki ni yule anayeona pengo lako. Huyo anaweza kukaa mbali sana nawe. Na anayeishi hatua tatu toka kwenye bashi lako anaweza kukosa kuona.

Wewe uliyekimbia nyumba yako, vita vimekupa jina jipya: deplase. Unaandikwa kwenye liste, unahesabiwa, unapewa jeton. Ugonjwa wa Mats nao ulimpa jina moja tu, mgonjwa. Lakini kulikuwa mahali alipojulikana kama mtu mwenye shauri, mwenye mzaha, mwenye makosa, mwenye huruma. Wewe pia unahitaji mahali pa namna hiyo. Kama ulikuwa fundi mbao, mwimbaji, mchezaji wa dame, mtu wa kuamua ugomvi, usiache jambo hilo life. Tafuta watu watatu au wanne, mupange saa, mukutane. Na mwenye kukosa, mumwendee.

Nanyi wazazi, mtoto wako akishika telefoni muda mrefu, au akishinda uwanjani na mpira wa makaratasi, usikimbilie kumfokea. Kwanza muulize: unacheza na nani? Wanaitwa nani? Wanakutendea namna gani? Pengine utasikia jina la mtu mbaya, na utamwokoa mtoto. Pengine utasikia majina ya watoto wa kabila ambalo wewe humwamini, na utakuta wao wamekwisha kupatana mbele yenu wakubwa. Robert na Trude walipata majina ya rafiki za mwana wao wakati yeye hayupo tena. Wewe ungali na nafasi.

Nanyi machefu na wazee wa barza, munapotafuta amani, munaita watu kwenye mkutano na kuwaambia wapendane. Ni vizuri, lakini maneno peke yake hayatoshi. Wapeni kazi moja ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza bila mwingine: mfereji wa maji, njia ya kwenda sokoni, timu moja ya vijana wa kambi na wa kijiji. Wekeni saa, wekeni sheria, mtu akitukana kabila la mwenzake aonywe siku ile ile. Watu 40 waliohitajiana ili kushinda jaribu la mchezo waligeuka kuwa jamaa. Sisi tunahitajiana kwa mambo makubwa kupita hayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Ukikosa kuonekana siku tatu, nani atakuja kuuliza? Na wewe ungeuliza juu ya nani?
2. Taja rafiki watano wa mtoto wako. Umeyajua majina yao kutoka kwa nani?
3. Katika kambi au mtaa wenu, ni mahali gani ambapo watu wa makabila mbalimbali wanakutana bila kuitwa na mkubwa? Mahali hapo pana sheria gani?
4. Ni kazi gani moja ambayo wenyeji na waliokimbia hawawezi kuimaliza bila kushikana mikono?

Jioni ya leo, mbele hujalala, tazama bashi zilizo karibu nawe. Kama kuna moja ambayo moshi wake haukuonekana leo, nenda ukabishe hodi. Kwa herini, na amani ikae kwenu.